Gari ya Milango Miwili na Bangili za Mama

Tangu picha ile ya gari nyeupe yenye utepe wa dhahabu ianze kuzunguka kwenye simu za watu, tumeulizwa maswali mengi kuliko yote tuliyowahi kuulizwa tangu tufungue duka. Hizo pesa mmezitoa wapi? Nani kakuhongeni? Mnaipitisha wapi na matuta yote haya? Wengine wameuliza kwa mapenzi, wengine tumewasikia tu sauti zao. Tukaona bora tukae tueleze wenyewe, khasa kwa vile kuna dada mmoja ametuandikia kwamba ana fedha za mirathi mkononi, naye anataka kuagiza gari kama yetu, na anataka tumwambie ndiyo au hapana. Hatutamwambia ndiyo wala hapana. Tutamwambia yaliyotukuta.

Tuko wawili, mtu na wifi yake. Tulisoma skuli moja mpaka kidato cha nne, tukafeli hesabu sote wawili (msomaji alikumbuke hili tukifika kwenye kodi), tukaingia darasa la ushoni la miezi tisa, na kabla ya ndugu wa mmoja kumuoa mwengine tulikuwa tayari tunagawana cherahani moja, asubuhi huyu, jioni yule. Sasa tunazo saba, na wasichana watano. Kazi inayotulisha ni sare za hoteli: mashati ya wapishi, aproni, foronya, mapazia. Kazi tunayoipenda ni magauni ya maharusi, ya kushona na ya kukodisha.

Kwa miaka sita tuliweka akiba ya kununua fremu yetu wenyewe, maana mwenye nyumba kila Januari anakuja na maneno mapya. Zilikuwa fedha za kucheza mchezo, za sare, za kulala saa nane za usiku mwezi mzima wa Shaabani kumaliza nguo za Idi. Hizo ndizo tulizozigeuza gari. Tunalisema mapema ili asifikiri mtu kuwa tulikuwa na fedha za kuchezea.

Fikra yenyewe ilianzia kwa mama wa bibi harusi mmoja. Alikuja kurudisha gauni, uso umemvimba kwa hasira. Gari waliyokodi ilikuwa nzuri, alisema, lakini dereva alikuwa mwanamme, na binti yake kapambwa, kafukizwa, kavaa, na dereva yule akimtazama kwenye kioo njia nzima kutoka nyumbani mpaka ukumbini. "Nyinyi si mnaendesha gari?" akatuuliza. "Kwa nini msimpeleke wenyewe?" Wakati huo tulikuwa na IST moja, mlango wa nyuma unafungwa kwa kupigwa teke. Akaitazama, tukaitazama, tukacheka sote watatu.

Alipoondoka hatukucheka tena. Tukaanza kuhesabu.

Akili ilisema Alphard. Ina nafasi, bibi harusi anaingia amesimama nusu, somo wake anakaa pembeni yake na mapochi yake yote, na fundi yeyote wa Unguja anaijua. Lakini kila mwenye gari ya kukodisha kisiwani anayo Alphard, na bei zao wameshaanza kupunguziana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja wetu akatoa simu akamuonyesha mwengine picha ya Porsche 911, nyeupe, ya mwaka 2003, iko mnadani Japani. Mwengine akasema, "Wewe una wazimu." Usiku akapiga simu saa tano kuuliza ile gari bado ipo?

Wenye kujua watabishana kama hiyo ni supakaa au ni gari ya michezo tu. Wabishane. Nguvu za farasi 320, injini iko nyuma, buti iko mbele, imeinama chini kama paka anayevizia. Kwa barabara ya Mwanakwerekwe hiyo ni supakaa.

Tuliyojifunza kuhusu gari hizi tulijifunza usiku, wasichana wameshaondoka. 911 ilionyeshwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963 kwa jina la 901, Peugeot wakasema majina ya namba yenye sifuri katikati ni yao, ikabidi sifuri igeuzwe moja. Ya kwetu ni ya uzao uitwao 996, ulioanza mwaka 1997, nao ndio 911 za kwanza kupoozwa injini kwa maji badala ya hewa. Wapenzi wa zamani walinuna. Wakanuna tena kwa sababu ya taa za mbele za mwanzo, wakasema zinafanana na yai la kukaanga. Kwa kununa kwao bei ya uzao huo ikashuka chini ya ndugu zake. Sisi ugomvi wao haukutuhusu, tuliona bei tu. Ila na hili tulilisoma: ndani ya injini hizo kuna beringi ya mhimili wa kati ambayo duniani kote inajulikana kwa kufa bila ya kuaga, na ikifa inaondoka na injini. Dada yetu mwenye mirathi, uliza kama imebadilishwa, na uone risiti. Tuliuliza, tukaoneshwa.

Na karatasi ya mnada usiikubali kwa kusomewa. Gari nyingi zilizotumika Japani hupitia mnadani, na kila moja hukaguliwa ikaandikiwa karatasi. Juu kuna alama: 5 na 4 na nusu ni safi, 4 ni nzuri, 3 na nusu imefanya kazi, na herufi R maana yake iliumia ikatengenezwa. Chini kuna mchoro wa gari iliyofunguliwa, paa huku, milango kule. Tulipouona mara ya kwanza tulitazamana, kwa sababu ni patani ile, patani ya gauni iliyotandazwa mezani, mbele, nyuma, mikono. Kila kovu lina herufi yake. A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni mahali palipotengenezwa na kupigwa rangi, S ni kutu, na namba ya pembeni inasema ukubwa. Basi tukaisoma kama tunavyosoma gauni la mtumba: tunaanza kwenye mishono. Ya kwetu ilikuwa na 3 na nusu, W2 kwenye bega la nyuma la kulia, A1 tele, S hakuna hata moja. Tuliilalia ile "S hakuna" siku tatu. Kwetu kisiwani gari ikija na kutu yake, chumvi ya hapa inaimalizia.

Jengine: Japani wenye uwezo wengi walizipenda gari za Ulaya zenye usukani wa kushoto, kwa hiyo mnadani utakuta nyingi za hivyo. Tukasubiri mpaka ya kulia.

Tulikubaliana jambo moja kabla ya yote, hatukopi kwa riba. Na hapo ndipo tulipokwama, maana zilipungua milioni tisa. Tulikuwa tunazungumza kwa kunong'ona jikoni kwa mama, mama mzazi wa mmoja na mama mkwe wa mwengine, nasi sote tunamwita mama. Alikuwa anachambua mchele. Hakuuliza kitu. Akainuka, akaenda chumbani, akarudi na bangili zake sita mkononi. Ni dhahabu ya zamani, alivishwa siku ya harusi yake, na watu wote wa nyumbani wanajua kuwa bangili hizo ndizo umra yake. Akavua nne, moja moja, kwa sabuni, maana mkono umenenepa.

"Hizi mbili niachieni," akasema. "Mkono mtupu haupendezi."

Tukamuahidi kabla ya mwaka kwisha zote nne zitarudi. Akasema inshaallah, akarudi kwenye mchele wake.

Gari ilishuka Malindi mwezi wa pili. Kuhusu kodi tutasema machache, kwa sababu bado tukizungumza habari zake tunapata kiu. Kuna ushuru wa forodha asilimia 25, halafu ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, halafu nyongeza kwa ajili ya ukongwe, halafu VAT inayohesabiwa juu ya zote hizo. Ni kodi juu ya kodi, kama vazi na bitana yake. Na thamani wanayohesabia si lazima iwe ile iliyo kwenye risiti yako. Hesabu yetu ilikuwa milioni hamsini. Ilipotoka getini ilikuwa imekula milioni sitini na moja, na sherehe nzima ya kuipokea ilikuwa soda mbili na maandazi.

Mama akaifukiza udi. Akafungua milango yote miwili, akaweka chetezo ndani, akafunga, akakaa nje kwenye kibao akisoma nyiradi zake mpaka moshi ukaanza kutoka kwenye pengo la kioo. Jirani akapiga kelele gari inaungua. Wiki tatu baadaye bado ilikuwa inanukia kama chumba cha bibi harusi, jambo ambalo, ukifikiri, lilikuwa sawasawa.

Sasa tuje kwenye aibu yetu ya kwanza, ambayo kwa washonaji ni aibu kweli. Hatukupima.

Watu tunaopima kiuno cha mtu mara mbili na makalio mara tatu, tulinunua gari ya maharusi bila ya kupima kama bibi harusi anaingia. Siku ya kwanza ya kazi tulikuwa na msichana mzuri, mashallah, gauni letu wenyewe, satini na lesi, sketi ya ndani ya neti matabaka matano, mkia mita mbili. Kiti cha gari kiko chini, karibu kama kukaa kwenye mkeka. Akaingiza mguu mmoja, neti ikapanda ikamfunika uso. Tukamtoa. Tukamuingiza kwa nyuma, makalio kwanza, kama kuingiza mto kwenye foronya. Akakaa, lakini gauni lilikuja lote mbele yake likajaza gari, dereva haoni gia wala kioo cha kushoto. Somo wake naye, mama mtu mzima mwenye mwili wake, alikunjwa kwenye kiti cha nyuma ambacho kiwandani walikifikiria kwa ajili ya mtoto wa miaka sita. Njia nzima tulikuwa tunamsikia akisema "La ilaha illa Allah" kila tuta.

Usiku ule hatukulala. Tukaichukua sketi ile tukaifumua kiunoni. Tukashona gauni la chini jembamba, linalofuata mwili kwa staha, na juu yake sketi kubwa ya kufunga kwa hoki kumi na mbili na mkanda mpana wa kuficha. Bibi harusi anaingia garini mwembamba, sketi inakwenda kwenye buti ya mbele, imekunjwa kwa tishu ili isivunjike. Akifika ukumbini, mmoja wetu anashuka, tunamzungushia shuka kubwa, hoki kumi na mbili, dakika nne, shuka inaondoka na anasimama bibi harusi kamili. Wanawake walianza kupiga vigelegele kwa shuka peke yake. Ikafika mahali watu wanauliza gauni la hoki hata kama gari hawaitaki, na mpaka leo gauni hilo limeingiza zaidi ya gari. Tunalikodisha bila ya gari kwa nusu bei.

Na dereva ni mmoja wetu, amevaa buibui, daima. Hilo ndilo watu wanalolilipia, tusijidanganye kuwa ni farasi 320. Binti anatoka mikononi mwa wanawake wa kwao, anaendeshwa na mwanamke, anaingia mikononi mwa wanawake ukumbini. Kuna mababa waliokuwa hawataki kusikia habari ya gari ya kujionyesha, waliposikia dereva ni sisi wakanyamaza wakatoa fedha. Mji Mkongwe hatuingii, vichochoro vile havikujengewa gari yoyote, sembuse hii. Huko bibi harusi anatembezwa kwa miguu mpaka Darajani na sisi tunamsubiri hapo.

Kuishi nayo, sasa. Tumbo lake liko kiasi cha sentimita kumi kutoka ardhini. Tuta hatulivuki kwa mbele, tunalivuka kwa ubavu, gurudumu moja kwanza, kama mtu anayeingia baharini maji ya baridi, na wenye bodaboda nyuma wanapiga honi. Oili yake ni lita nane na ushei, tena sintetiki; IST ilikuwa haifiki hata nusu ya hizo. Tairi za nyuma ni pana kuliko za mbele, kwa hiyo huwezi kuzibadilishana, na ukienda duka la tairi wanakutazama kwa huruma. Betri ikifa buti haifunguki, kwa sababu buti inafunguliwa kwa umeme na betri yenyewe imo ndani ya buti. Yametufika haya sketi ya watu imo ndani na harusi saa kumi. Kumbe ndani ya kisanduku cha fyuzi, pale chini miguuni, kuna kipande cha kuvuta, unakishikiza waya wa chanya wa betri nyengine, hasi unaiweka kwenye chuma cha mlango, buti inafunguka. Kijana wa miaka kumi na saba ndiye aliyetuonyesha, kajifunza kwenye simu. Tulimshonea suruali bure.

Chumvi tunapigana nayo kwa maji matamu kila baada ya safari ya pwani, na kwa joho tulilolishona wenyewe, marekani tabaka mbili, limefuata mwili wa gari kwa dati na mapindo. Ni mshono mzuri kuliko magauni mengi tuliyoshona mwaka ule. Na uzi wa kiti cha kushoto ulipofumuka hatukumpa mtu, tuliingia wenyewe na sindano ya ngozi.

Waume zetu tusiwasahau. Walisema watasaidia kuitunza. Msaada wao ulikuwa kukaa ndani yake jioni, imezimwa, vioo chini, wakizungumza mpira.

Zaka tulikwenda kumuuliza sheikh, maana tulikuwa na hofu na thamani yake. Akatufahamisha kwamba chombo cha kazi hakitolewi zaka kwa thamani yake, kinachohesabiwa ni mapato yakifikia nisabu na kutimiza mwaka. Halafu akatutazama akauliza, "Na nia yenu ni chombo cha kazi?" Tukasema ndiyo. Tuliporudi hatukuzungumza njia nzima, kwa sababu mchana ule ule tulikuwa tumezunguka nayo Forodhani mara mbili bila ya harusi yoyote.

Sasa lile lililotuumiza.

Ilikuwa harusi ya kusini, upande wa Makunduchi, mbali kuliko tulivyozoea. Wiki kabla tulikuwa tumeipeleka gari kwa fundi mmoja kwa sababu maji yalikuwa yanapungua kidogo kidogo. Akajaza maji ya bomba, akasema iko sawa. Nasi tulitaka iwe sawa, tukamuamini. Tukapita ile njia ya miembe ya Bungi, jua kali, bibi harusi kimya pembeni, na mshale wa joto ukaanza kupanda. Mmoja wetu ndiye aliyeshika usukani. Mwengine alikuwa nyuma amejikunja, ndiye aliyesema, "Endelea, tunachelewa, ikifika tutaipoza." Hatutasema nani ni nani, na mtu asiulize.

Tuliendelea. Kilomita saba. Kisha moshi mweupe nyuma, na harufu tamu ya maji ya rejeta, na gari ikanyamaza katikati ya mihogo ya watu.

Bibi harusi alifika kwao kwa gari ya mkaa iliyopanguswa kwa kanga zetu, amekaa mbele, sketi mapajani. Hakulia. Sisi ndio tuliolia. Fedha zao tukazirudisha zote siku ya pili, na gauni tukamuachia.

Ilipokuja kufunguliwa tulionyeshwa kwa macho yetu. Injini iko nyuma lakini rejeta ziko mbele, zimefichwa nyuma ya matundu ya bampa, na matundu yale ndani yake mlikuwa na ndoo nzima: majani ya miembe, mchanga, maua makavu ya maharusi, kipande cha utepe wetu wa dhahabu. Upepo ulikuwa haupiti. Na chungu cha maji, ambacho ni cha plastiki na kina umri wake, kilikuwa na ufa. Kila mwenye kuzijua gari hizi angetuambia tusafishe rejeta kila msimu na tuutafute ufa huo. Hayo yote yangetugharimu bei ya gauni moja. Kilichotugharimu ni kilomita saba, zilizokwenda na gasketi na vilivyo juu yake. Fundi alivuka kutoka Dar es Salaam, akaishusha injini kwa chini, maana kwa gari hii hainyanyuliwi juu, ikakaa kwenye matairi ya zamani chini ya banda la makuti miezi mitano tukingojea vipuri.

Katika miezi hiyo mitano, siku kumi na moja hatukusemezana. Tulishona chumba kimoja, migongo imegeukiana. Mtu akitaka mkasi anamwambia msichana wa ovaloki, "Muulize mwenzako mkasi uko wapi," na msichana, maskini, anageuka nusu hatua kuuliza. Kila mmoja alikuwa na kesi yake kichwani na ameshaishinda. Na mwenye nyumba akaja kabla ya Januari, safari hii na notisi: ana mtu wa duka la simu.

Mama hakusema kitu. Hicho ndicho kilichotumaliza. Tulikuwa tunakula kwake Ijumaa, anapakua wali, na kila anaponyoosha mkono bangili mbili zinagongana. Sita zilikuwa na sauti yao, tuliikulia. Mbili zina sauti nyengine. Siku ya kumi na moja mmoja wetu aliweka kijiko chini akasema, "Mimi ndiye niliyesema." Mwengine akasema, "Na mimi ndiye niliyekubali." Mama akauliza achari iko wapi.

Gari ilirudi barabarani. Ilifanya kazi miezi tisa bila ya kosa, na msimu uliopita kuna wiki ilikuwa na harusi nne. Alhamdulillah. Tukitoa oili, tairi, fundi na boti ya fundi, kilichobaki kimerudisha bangili mbili. Si zile zile. Zile zilishayeyushwa na sonara zamani. Tumechonga za mfano huo huo kwa picha ya harusi yake. Mama alizivaa, akazitikisa, akasikiliza kwanza, ndipo akatuombea dua. Mwaka tuliomuahidi ulikuwa umepita kwa miezi minane.

Bado mbili. Na fremu tumepata ndogo, uchochoroni, hatuipendi.

Kwa hiyo tumeamua kuiuza kabla ya Ramadhani, maana miezi hiyo harusi hakuna na gari itakaa inakula chumvi bure. Yupo mtu wa bara ameiona kwenye picha. Anajua kuwa akiivusha ana tofauti ya kodi ya kulipa, ameshaihesabu, na bei yake ikikamilika inatosha bangili mbili na kianzio cha fremu ya barabarani. Anakuja Jumamosi kwa boti ya asubuhi.

Jana usiku tulikaa kuandika karatasi yake, kama ile ya mnada. Tulichora gari iliyofunguliwa kwenye karatasi ya patani, tukaiandikia herufi. W2 bega la kulia, hiyo ilikuja nayo. A1 nyingi. Kiti cha kushoto kimeshonwa kwa mkono. Tuta la Fuoni limekwaruza bampa chini. Mmoja wetu akasema habari ya kilomita saba haina haja, injini imeshatengenezwa, risiti zipo, mtu hakuuliza, na akisikia atapunguza milioni kumi nzima. Mwengine akawa anachonga penseli tu. Mama alikuwa mlangoni, amekuja kuchukua shuka zake tulizompindia, anasubiri.

Tumeiandika ya kwanza, juu kabisa, na tarehe yake.